Nani Atafua Jezi ya Kocha Mpya

Papa,

Jumamosi tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungeruka salamu, ungeruka habari za Mama na goti lake, ungeniuliza kwanza matokeo, halafu nani kafunga, halafu nani kakosa. Basi tumeshinda, Sanele kafunga, na tunakwenda kwenye mashindano ya vyuo vya nchi nzima. Sisi, timu ya chuo kidogo cha huku Sydenham, ambayo wenye magari yao kule Westville walikuwa wanaiita timu ya kinyozi. Kinyozi mwenyewe ni wewe. Nimeona fahari mpaka nimechoka, na nimeamua kukuandikia kabla sijaendelea kujidai kwa wateja dukani, maana bosi kashanionya kwamba mtu aliyekuja kubadilisha kioo cha simu hahitaji kusikia habari za kona na penalti.

Mama hajambo. Goti linamsumbua kwenye ngazi, ila kanisani anapiga magoti bila kulalamika, kwa hiyo namshuku kidogo. Kwenye kiti chako pale Overport sasa anayenyoa ni Papa Jules. Ananyoa vizuri, siwezi kumsingizia, lakini haongei mpira, na wateja wanasinzia mashine ikiwa shingoni.

Sasa nianze pale ulipotuacha.

Ulituacha Jumatatu asubuhi. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumetoka sare. Ulimtoa Sanele uwanjani mapema, naye akatupa chupa ya maji mbele ya watu wote. Mshambuliaji wetu bora, mtoto wa Queensburgh, mabao mengi na mdomo mwingi zaidi. Hukumgombeza. Ulipopanga, kama kila wiki, nani amfulie nani jezi, ulichukua jezi yake namba tisa ukaitia kwenye mfuko wako, na yeye ukamtupia koti lako la bluu la mazoezi. Jumatatu ukaamka mapema, ukaifua ile jezi kwenye beseni, ukaianika uani, ukaingia ndani ukasema unapumzika kidogo. Daktari alisema ni moyo. Niliporudi mbio kutoka kazini, uani kulikuwa kumejaa watu na jezi ilikuwa bado inadondosha maji.

Mama hakukubali mtu aiguse. "Muiache. Ni yeye aliianika, itakauka." Mvua ikanyesha wiki nzima, unajua Durban ikiamua kunyesha, na jezi ikabaki pale ikilowa na kukauka na kulowa tena. Tumbili mmoja alikuja akakaa ukutani karibu nayo, akala ndizi aliyoiba kwa jirani, na hakuna aliyemfukuza. Nilitaka kucheka huku nalia. Hiyo ndiyo picha niliyobaki nayo ya wiki ile, Papa, wala si jeneza.

Tulikuzika Ijumaa. Na Ijumaa, ulivyoiweka wewe mwenyewe, ndiyo siku ya kurudisha jezi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Wachezaji wako hawakusahau. Walikuja wote na nguo za kanisani, kila mmoja ana jezi ya mwenzake imekunjwa mikono ndani, kola juu, na pale kwenye lango la makaburi wakapeana mkono kwa mkono. Juma kapteni, beki wako wa Tanga, alimpa kipa ya kwake, kipa akampa winga, winga akamtafuta mwenye namba nne katikati ya mama wa kanisa. Watu waliokuja kukuzika hawakuelewa wanachokiona. Mimi nilielewa, na ndipo nilipoanza kulia vizuri.

Aliyebaki ni Sanele. Koti lako lilikuwa mkononi mwake, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Aliangalia koti, akaangalia jeneza, akageuka akaondoka kabla mchanga haujaisha. Mama wa kanisa wakasema huyu hana adabu. Na mimi nikasema.

Halafu simu zikaanza.

Wewe ulikuwa unaniambia siku nyingi kwamba kocha akiondoka timu inakuwa duka lililoachwa wazi, nami nilidhani unajisifu. Hukuwa unajisifu. Kabla hata hatujamaliza kupokea watu wa pole, makocha wa vyuo vingine walikuwa wameshapata namba za vijana wako. Huyu anaahidiwa ada, yule anaahidiwa chumba. Kipa aliondoka kweli, kaenda Pietermaritzburg, na simlaumu, ana wadogo zake. Lakini hakuondoka kwa ujumbe wa simu. Wiki hiyo alikuwa na jezi ya Juma ya kufua, na kwa sheria yako jezi hurudi mkono kwa mkono, kwa hiyo alilazimika kwenda mpaka mlangoni kwa Juma, amtazame usoni, amkabidhi. Walilia wote wawili. Wengine waliokwenda kuaga hawakufika mbali. Walifika na jezi iliyokunjwa, Juma akawakaribisha wali, na wakatoka na jezi nyingine ya kufua. Nilimuuliza anawaambia nini. "Siwaambii kitu, dada Furaha. Mtu akija kuaga saa ya chakula, huyo hajaamua."

Hivyo ndivyo timu yako ilivyokaa bila kocha na isianguke. Nguo chafu ndizo zilizoishika. Nilipoelewa hivyo nilikaa kwenye taxi nikatabasamu peke yangu mpaka nikapita kituo changu.

Chuo kikamleta kocha mpya. Anaitwa Vusi, mwalimu wa michezo wa Queensburgh, mrefu, mpole, ana filimbi shingoni. Wewe ulikuwa unapiga makofi, yeye anapuliza filimbi. Akaja na wachezaji wake wawili. Akamhamisha Juma kutoka kati akampeleka pembeni. Na mechi ya kwanza ilipoisha, akafungua gunia, akawaambia wavue jezi watie humo, chuo kina mashine ya kufulia. Nilimchukia kwa moyo wote, Papa, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kufanya hivyo, kwa sababu uwanjani hakukuwa na kingine cha kufanya. Hatukuwa tunaimba.

Ndiyo, hatukuwa tunaimba. Mama Chantal wa saluni, ambaye hata wewe ulikuwa unamwomba apumzike kidogo ili wachezaji wakusikie, alisema wazi pale kilimani tunapokaa mashabiki: "Hii haiko tena timu yetu. Yetu ilienda na Papa Furaha." Ngoma ikabaki saluni. Watanzania wa upande wa Juma wakawa wanakuja kumwangalia Juma tu, akiguswa wanapiga kelele, wengine wakiguswa wanakula karanga. Wakongo wenzetu wengi wakaacha kuja. Tuliobaki tulikaa tumekunja mikono, na vijana wako wakawa wanacheza kwenye uwanja ambao kinachosikika ni filimbi peke yake. Tulipoteza hapa, tukapoteza kule. Ungeona aibu.

Siku moja nilimfuata Kocha Vusi. Nilikusudia kugombana, unanijua, lakini aliniambia "pole dada" kabla sijafungua mdomo, ikabidi nieleze taratibu. Nikamweleza kwamba timu hii zamani ilikuwa vikundi, Wazulu huku, Wakongo kule, Watanzania na kikao chao, na mpira ulikuwa hauvuki kutoka kundi hadi kundi. Nikamweleza siku ulipochoka ukamwaga jezi zote chini, ukazigawa ovyo, ukasema kila mtu atamfulia aliye mbali naye. Waliogombana wanafuliana wao kwa wao. Nikamwambia ulivyokuwa unasema: "Ukishafula jasho ya mutu, hauwezi tena kusema haumujui." Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akasema, "Lakini dada, chuo kina mashine." Nikaenda zangu.

Wiki hiyohiyo ikaja habari ya Sanele. Chuo kimoja kikubwa cha Joburg kilimtaka, ada na malazi, na kwa kuwa hawakuelewana na Kocha Vusi, alikuwa ameshakubali kwa mdomo. Juma alinipigia dukani, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema, dada, Sanele akitoka hawa wengine hawatangoja hata basi lisimame, timu ya mzee itakuwa imekwisha. Nilikaa na simu ya mteja mkononi, imefunguliwa, sikumbuki hata ilikuwa na tatizo gani. Nilihisi unakufa mara ya pili, na safari hii mbele yangu.

Jezi yake tulikuwa nayo sisi. Mama alikuwa ameitoa kwenye kamba hatimaye, akaipiga pasi, akaitundika kabatini kati ya mashati yako. Miezi yote hiyo Sanele alikuwa anacheza na jezi ya akiba isiyo na namba, na hakuja kuichukua ya kwake. Mimi nilidhani ni kiburi.

Alikuja Jumapili, tumetoka kanisani. Mama alikuwa anapakua sombe, yale majani yake ya muhogo. Alisimama mlangoni na koti lako mikononi, akakataa kukaa. Unakumbuka ulivyokuwa unamcheka kwamba Kiswahili chake chote ni cha uwanjani, pasi, rudi, kimbia, mjinga wewe? Alikikusanya chote alichonacho. "Mama, coach alisema mukono kwa mukono. Mukono iko wapi sasa?"

Kumbe ndiyo hiyo, Papa. Hakukuwa na kiburi. Siku ya mazishi alikuja akurudishie koti, akakuta hakuna mkono. Alikaa nalo miezi yote, akilifua kila wiki, akilipiga pasi, akilirudisha kabatini, kwa sababu hakuna aliyemwambia sheria yako inasemaje mtu akifa.

Mama aliweka mwiko chini. Akapangusa mikono yake kwenye kitenge, yote miwili, akainyoosha mbele. "Iko hapa."

Akalipokea, akaliweka usoni akakaa nalo muda. Sikumwangalia, nilimwacha. Kisha akaenda chumbani akarudi na namba tisa, akamtilia mikononi. Ndipo Sanele akasema lile jingine, eish Mama, na mimi naenda Joburg.

Mimi ningemsihi. Mama hakumsihi hata kidogo. Alimuuliza kana kwamba anauliza bei ya nyanya, "Na coach mupya, nani anamufulia?"

Sanele akasema kuna mashine.

Mama alicheka. Cheko lake lenyewe, lile la kutoka tumboni, sikuwa nimelisikia tangu uondoke. "Mashine," akasema. "Mashine inamujua?" Halafu akaacha kucheka. "Ulikosana na bwana yangu, ukamufulia. Huyu munakosana, unamukimbia?" Sanele akawa anaangalia jezi. Mama akaigusa kwa kidole. "Na hii hauwezi kumupa hivi, iko safi. Enda uichezee kwanza."

Alikula sombe, sahani mbili, akaondoka bila kusema kama anakwenda Joburg au haendi. Usiku huo nilimwonea Mama fahari, nikamwoshea vyombo vyote.

Sasa sikiliza mazoezi ya Jumanne. Hapa ndipo ningelipa chochote uwepo.

Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja tope tupu. Sisi mashabiki tulikuwa wachache kilimani, Mama Chantal yumo, amekuja kumalizia hasira zake. Sanele akatokea amevaa namba tisa. Alicheza nayo akagaagaa nayo mpaka haisomeki. Mazoezi yalipokwisha alivua jezi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Kocha Vusi, akamnyooshea mkono na kumwambia: nipe shati lako.

Kocha alimwangalia. Akaangalia wachezaji, wote wamesimama. Akatuangalia sisi kule juu na mikono yetu iliyokunjwa. Na Papa, alishusha pumzi akavua shati lake, akabaki na fulana ya ndani kwenye baridi, akalikabidhi. Baadaye aliniambia mwenyewe alichodhani. Alidhani ndivyo Wakongo wanavyomfukuza kocha. Akaamua aondoke kwa heshima.

Na Mama Chantal naye alidhani hivyohivyo. Aliruka kutoka kwenye nyasi. "Anaacha kazi! Yezu asifiwe!" Akapiga vigelegele, wengine wakapokea, nami nikawa nawavuta sketi moja baada ya nyingine nikiwaambia nyamazeni, nyamazeni, mnaharibu. Kule chini Kocha alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye gari lake, kichwa juu, na fulana yake. Sanele ikabidi amkimbilie. Akamsimamisha karibu na lango na kumtilia ile namba tisa mikononi, tope na kila kitu, akamwambia, hii yangu unafua wewe. Ijumaa.

Vigelegele vikafa. Kocha alisimama, tope linamchuruzikia kwenye suruali. Halafu akaikunja, vibaya, mikono nje, lakini akaikunja. Na Juma akavua ya kwake akampa mmoja wa wale wawili waliokuja na Vusi, na wengine wakaanza kuvua.

Mama Chantal aliketi. Akasema polepole, "Kumbe huyu anafula." Akatuma mtu akalete ngoma.

Ijumaa jezi ilirudi mkono kwa mkono. Ilikwenda nyeupe, ikarudi ya bluu, Papa. Mwanamume mzima aliiloweka kwenye beseni moja na suti yake ya michezo ya shuleni. Mke wake alimcheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Alisimama mbele ya timu akaomba msamaha, na Sanele akaivaa hivyohivyo, akazunguka nayo uwanjani kama bwana harusi, na hajakubali ibadilishwe mpaka leo. Mechi iliyofuata wanawake wote wa saluni walikuja na vitambaa vyeupe walivyovilowesha kwenye maji ya bluu. Unapaswa kuona kile kilima kilivyo sasa. Hata wale wa Westville wanauliza zile rangi zinauzwa wapi.

Sanele aliwapigia watu wa Joburg akawaambia labda atakapomaliza masomo. Wengine nao wakazinyamazisha simu zao. Na nitakuambia jambo ambalo hutalipenda: Kocha Vusi alikuwa sahihi kuhusu Juma. Akiwa pembeni ni beki mwingine kabisa. Na kona zetu sasa ni hatari, zako zilikuwa zinakwenda kwa kipa wao moja kwa moja, hilo tulikuwa tunalisema nyuma yako. Usikasirike. Timu uliyoiacha ni imara kiasi cha kumchukua mtu mgeni ikamfanya wake, na bado ikajifunza kwake. Mimi sijui kocha mwingine aliyeacha kitu kama hicho. Bao la Jumamosi lilitoka kwa Juma pembeni, likaguswa na mmoja wa wale wawili wa Vusi, likamaliziwa na namba tisa ya bluu. Niliimba mpaka sauti ikakatika. Jina lako tuliliimba, na la Vusi tuliliimba, na Mama alikuwepo, goti na yote, amesimama dakika zote.

Koti lako hatukulifungia. Mama alilirudisha kwa timu. Hakuna anayelivaa, ila kila wiki linapangiwa mtu, anakwenda nalo nyumbani, analifua, analileta Ijumaa. Juma ndiye anayepanga sasa, na anapanga kama wewe, kwa ubaya uleule. Juzi alinipangia mimi. Nilifurahi mpaka aliponisomea litakwenda kwa nani baada yangu.

Lipo kwenye kamba sasa hivi ninapokuandikia. Nimelifua kwa sabuni yako ya mche, nimesugua kola kama ulivyonionyesha. Jua limetoka leo, litakauka.

Pumzika, Papa. Usitusubiri kwenye benchi, kaa mahali pazuri uone vizuri. Nami nakuahidi hivi: Ijumaa nitalikunja mikono ndani, kola juu, nitashuka mpaka uwanjani na kumpa Kocha Vusi kwa mkono wangu mwenyewe, nikimwangalia usoni. Nimeshamwambia alifue peke yake, lisichanganywe na kitu chochote.

Binti yako,
Furaha